Alama Mbili za Penseli

Jumapili, tarehe 25 Agosti 2019. Kulikucha na jua kali bila hata kipande cha wingu, joto ambalo bonde letu la Cwmrhedyn hulipata mara chache sana, na watu walikwenda kanisani wamebeba makoti mkononi kwa mazoea tu.

Mimi nilikuwa natokwa jasho kwa sababu nyingine.

Aliyekuwa nami wiki iliyopita anajua nilipokwama. Aliyenikuta leo, nimweleze kwa ufupi. Jina langu ni Idwal Prosser, lakini kwetu mtu huitwa kwa kazi yake, kwa hiyo mimi ni Idwal Maziwa hata sasa ambapo mgongo umeikataa kazi na gari la maziwa nimeliuza. Mke wangu Eluned alifariki miaka minne iliyopita. Nyumba tuliyonunua kwa mkopo wa benki mwaka 2001 iko karibu kuchukuliwa, maana nimeshindwa kulipa kwa miezi saba.

Halafu nikagundua kwamba ndani ya mkopo ule, kwa miaka kumi na minane, nimekuwa nikilipia bima ya kulinda mkopo. Ni bima ya mtu anayeachishwa kazi na mwajiri wake. Mimi sikuwahi kuwa na mwajiri. Gari lilikuwa langu, chupa zangu, wateja wangu. Nani angeniachisha kazi? Ng'ombe?

Nimedai nirudishiwe fedha zile. Zikirudi, deni linalipwa na nabaki kwangu. Zisiporudi, ifikapo Oktoba natoka. Na siku ya mwisho ya kudai, kwa nchi nzima, ni Alhamisi hii, tarehe 29.

Kuna jambo moja nililowaungamia ninyi kabla ya mtu yeyote wa bonde hili: siku ile nilipotia sahihi, nilikuwa sijui kusoma. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, mwenye gari, mwenye mke, msomaji wa somo kanisani kila mwezi, na sikujua kusoma.

Sasa nianze na Jumanne.

*

Jumanne barua ya benki ilifika. Niliisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, nikamaliza chai ikiwa imepoa. Walikuwa wamekataa.

Walinitumia na nakala ya fomu yangu ya mwaka 2001. Kwenye nafasi ya kazi palikuwa pameandikwa: ameajiriwa. Chini yake: nimesoma na nimeelewa. Chini yake, sahihi yangu, ile niliyofundishwa na Eluned kama mtu anavyofundishwa kuchora nyumba.

Na pembeni ya sahihi, hafifu, palikuwa na alama ya msalaba iliyochorwa kwa penseli.

Mwandiko wa neno "ameajiriwa" haukuwa wangu. Ulikuwa wa Menna Beddoe, ambaye wakati huo alikaa dirishani kwenye tawi la benki hapa mjini, kabla halijafungwa. Menna Benki, tulivyomwita. Jumapili ndiye mpiga kinanda wetu kanisani Bethania.

Nilimkumbuka kama jana. Alikuwa ameisukuma karatasi kwangu na kalamu juu yake. "Hapa na hapa tu, Idwal mpenzi. Nimekuwekea alama." Alama mbili. Nami nikashukuru moyoni, maana mtu asiyejua kusoma hupenda sana kuonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Ya kwanza ilikuwa ya mkopo. Ya pili ilikuwa ya bima.

Ungemuuliza nini mtu unayeimba naye zaburi?

*

Jumatano nikapiga simu benki. Muziki wa fidla dakika hamsini na tano. Kila baada ya dakika mbili sauti ya kike ikaniambia kwamba simu yangu ni muhimu sana kwao. Nilisali mara tatu nisikate, na mara moja kwamba fidla ile ikatike nyuzi.

Mwishowe akapokea kijana anayeitwa Craig.

"Bwana Prosser, fomu inasema ulisoma na ukaelewa."

"Sikusoma."

"Hukuisoma fomu?"

"Sikuweza." Nilishangaa lilivyotoka. Nilikuwa peke yangu jikoni na bado nilitazama mlangoni.

Nikasikia anabonyeza vitu. "Bwana Prosser, ulitupigia mwezi wa sita. Simu zetu hurekodiwa. Naomba usikilize."

Nikasikiliza. Sauti yangu mwenyewe ikanijia, imejaa maringo: "Nimesoma, ndiyo nimesoma. Kijana, wewe unaongea na msomaji wa kanisa la Bethania, miaka zaidi ya ishirini."

Craig hakucheka. Ningependa angecheka.

"Nilikuwa najivuna," nikasema.

"Naelewa. Lakini naandika kinachosemwa."

"Na mwandiko? Si wangu ule. Aliyeandika kwamba nimeajiriwa ni mfanyakazi wenu."

"Yupo wa kuthibitisha hayo? Alhamisi ijayo ikipita, hatupokei jambo jipya. Utaweza kwenda kwa msuluhishi wa malalamiko, ila naye ataanza na karatasi hii hii na simu hii hii."

Nikaweka simu chini. Ikalia papo hapo. Nikaipokea kwa pupa nikidhani Craig amekumbuka jambo. Ilikuwa mashine, ikiniuliza kama nimewahi kuuziwa bima ya mkopo bila kujua.

*

Alhamisi jioni nilikwenda darasani. Watu wa bonde hudhani kila Alhamisi nakwenda kukandwa mgongo mji wa pili. Ndivyo nilivyowaambia, na kwa miaka mitatu wameniuliza maendeleo ya mgongo.

Mwalimu wetu ni Nerys, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mkali kwa herufi na mpole kwa watu. Nikamwekea barua mezani.

Akaisoma mara moja, haraka, kama anakunywa maji. Bado naionea wivu kasi ile.

"Nitakuandikia barua," akasema. "Nitasema ulifika hapa mwaka 2016 na ulikuwa huijui hata B. Hiyo inajibu ile simu."

"Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza. Nani aliandika 'ameajiriwa'?"

"Menna."

"Zungumza na Menna, basi."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli, Bwana Prosser. Si mnao kanisani?"

"Nerys mwanangu, hulijui kanisa letu. Wazee wawili walionifundisha darasa la Jumapili walikufa wakiamini mimi ni msomi. Nimesimama mimbarini kila mwezi. Eluned alinisomea somo kila Jumamosi, mara saba, mpaka likakaa kichwani. Kesho yake nafungua kitabu, natazama chini, na nasema. Hata kurasa nilijifunza kugeuza kwa wakati wake."

Nerys akavua miwani. "Na maziwa? Wateja si huacha vikaratasi kwenye chupa? Leo mbili, kesho usilete?"

"Niliwaambia mvua inaloanisha karatasi. Waweke vibanio vya nguo mlangoni. Kibanio kimoja, chupa moja. Kibanio chekundu, krimu. Hakuna kibanio, hakuna maziwa."

"Wakakubali?"

"Wakanisifu. Mwenye maziwa wa bonde la pili aliniiga. Nadhani yeye alijua kusoma."

Akacheka mpaka akashika meza, nami nikacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Bwana Prosser, una akili ya kutosha kuificha siri hii miaka arobaini. Itoe sasa, siku moja tu. La sivyo unaipoteza nyumba ili watu waendelee kudhani ulikuwa unasoma."

Nilirudi na basi nikiwa nimemkasirikia, kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

*

Jumamosi saa nne asubuhi nikaenda kwa akina Beddoe.

Hakufungua Menna. Mumewe, Hedley, alikuwa bustanini anamwagilia vitunguu vyake virefu vya mashindano, amevaa kaptura na soksi za kanisani. Huyu Hedley ni mzee wa kanisa letu, ndiye anayepanga nani asome na nini kisomwe. Zamani alikuwa meneja wa lile tawi la benki.

"Idwal. Mgongo unaendeleaje?"

"Nimekuja kumwona Menna."

"Amelala. Joto." Hakuacha kumwagilia. "Ni mambo ya bima?"

Kumbe alijua. Benki ilikuwa imemwandikia kumuuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote pale kwenye vitunguu, kwamba mimi sikujua kusoma, kwamba Menna aliandika neno lisilo kweli na akaniwekea alama mbili. Nilijikuta nimeshika kofia mkononi kama mwombaji.

Hedley akafunga maji.

"Hukujua kusoma."

"Sikujua."

"Mimi nilikusikia mimbarini mwaka huo huo wa 2001. Kanisa zima lililia. Ulikuwa nani siku ile, kasuku?"

"Nilikuwa nimekariri."

"Kwa hiyo ulitudanganya madhabahuni miaka ishirini, na leo unakuja kwangu kusema mke wangu ndiye mwongo." Alisema taratibu, kama anavyosoma matangazo. "Kila fomu aliyojaza ina herufi za jina langu chini. Unaelewa? Tulipewa idadi ya kuuza kila wiki, Idwal. Tusipofikisha, tuliitwa makao makuu kama wanafunzi watoro. Menna alilia chooni kila Ijumaa. Unataka arudi huko, akiwa na miaka sabini?"

Sikuwa nimemfikiria Menna analia.

"Kesho ni zamu yako ya kusoma," akasema. "Nimekuwekea somo lako lile la siku zote, analolijua kila mtu. Soma kama unavyosoma. Halafu tuone ni nani katika bonde hili atakayeamini kwamba Idwal Maziwa hajui kusoma."

Akafungua maji tena. Nilipogeuka niliona pazia la juu likisogea.

Njiani nilimlalamikia Mungu waziwazi. Nilimwambia, nimekwenda darasani nikiwa mzee, nimekaa na watu wa umri wa wajukuu wangu, nimejifunza herufi zako moja moja, na sasa kusoma kwenyewe ndiko kunakoninyang'anya nyumba. Hakunijibu. Au alinijibu, na jibu lake sikulipenda, kwa hiyo nilitembea haraka.

*

Basi leo asubuhi.

Bethania hubeba watu mia nne. Tulikuwa hamsini na kitu, tumetawanyika kila mtu kwenye benchi la bibi yake. Menna alikuwa kwenye kinanda, ametupa mgongo kama kawaida. Kinanda kina kioo kidogo pembeni ili mpigaji amwone aliye mimbarini. Niliona macho yake kwenye kioo. Yalikuwa mekundu.

Hedley akatangaza: "Somo litasomwa na ndugu yetu Idwal Prosser, ambaye usomaji wake umetubariki miaka mingi."

Akaketi mbele kabisa, mikono tumboni.

Nikapanda. Kitabu kikubwa cha mimbarini kilikuwa wazi pale pale, utepe mwekundu umelala katikati ya somo langu. Nalijua lote. Ningeweza kulisema nikiwa nimefumba macho, na miaka mingi ndivyo nilivyofanya. Dakika nne tu, nishuke, watu waniambie mlangoni, leo umesoma vizuri, Idwal.

Nyumba yangu ilikuwa katika dakika nne zile. Ningesema somo lile, ningekuwa nimempa Craig mashahidi hamsini.

Nikaushika utepe, nikauvuta. Nikageuza kurasa nyingi kwa pamoja, bila kutazama, nikaweka kidole nilipofikia.

"Ninaomba radhi," nikasema. "Leo nitasoma pengine."

Nilikuwa nimeangukia sura yenye majina. Baba zao na baba za baba zao. Majina ambayo hata Nerys angeyaruka.

Nikasoma. Nilisoma kama ninavyosoma kweli, kidole chini ya neno, herufi kwa herufi, nikianguka na kurudi. Jina moja lilinichukua mara tatu. Mtu akakohoa. Mwingine akanong'ona kwamba joto limenipata, nipewe maji. Bibi Olwen Tudball, mjane wa mwoka mikate, akasema kwa sauti, maana ni kiziwi: "Ana nini Idwal leo? Amepatwa na kiharusi?"

"Sina kiharusi, Bibi Tudball. Hivi ndivyo ninavyosoma."

"Nimejifunza miaka mitatu tu. Alhamisi siendi kukandwa mgongo, naenda darasani. Kabla ya hapo, kila mlichonisikia nikisoma hapa alikuwa Eluned. Alinisomea yeye, mimi nikawa domo tu. Niliwadanganya. Naomba mnisamehe, na kama hamtaki nisimame hapa tena, nitaelewa."

Hedley alikuwa amesimama. "Ndugu Prosser, hapa si mahali pa mambo hayo."

"Nitamaliza, Bwana Beddoe. Nyumba yangu inachukuliwa kwa sababu ya karatasi ambayo sikuweza kuisoma. Niliitia sahihi kwa kuwa iliwekwa alama, na aliyeiweka nilimwamini. Bado namwamini. Sikuja kumshitaki. Nimechoka tu kuwa mtu anayejua kusoma."

Sikumtaja. Nikabaki nimeshika mimbari, nikingoja wimbo uanze ili nishuke.

Kinanda hakikulia.

Menna aligeuka kwenye kiti chake. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Vibanio," akasema.

Watu wakageuka.

"Vile vibanio vya nguo, Idwal. Niliviweka mlangoni kwangu kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Nikawasimulia watu benki jinsi ulivyo mwerevu." Akaweka mkono mdomoni, akautoa. "Siku ile uliniuliza, 'Menna, ni mbili tu?' Nikasema ni mbili. Ukasema asante. Sikukuambia ya pili ni ya nini, kwa sababu ningekuambia ungekataa, na ilikuwa Ijumaa, na tulikuwa tumepungukiwa na moja."

"Menna," Hedley akasema. "Kaa chini."

"Nimekaa, Hedley. Sasa nasimama."

Akasimama. Ni mwanamke mfupi, na miaka yote ile tumemjua kwa mgongo wake. Akatembea mpaka mbele, chini ya mimbari, akalitazama kanisa uso kwa uso.

"Naomba mniambie. Nani mwingine hapa nilimwekea alama mbili?"

Fidla za Craig zilinirudia kichwani, dakika hamsini na tano.

Halafu Bibi Tudball, ambaye sijui alisikiaje, akainua mkono wenye glavu ya kanisani. Nyuma yake akainua fundi wa mabomba. Akainua mwenye duka la rangi na mkewe, wakatazamana, kila mmoja akishangaa mkono wa mwenzake. Ikainuka mikono kumi na moja. Niliihesabu kutoka juu, na kila mkono ulipoinuka bega la Menna lilishuka kidogo.

Hedley hakupandisha sauti. Alimsogelea mkewe, akasema kwa upole ambao uliniogopesha kuliko makelele. "Kesho ni sikukuu, benki ya mji wa pili imefungwa. Jumanne mimi nina miadi ya macho, gari naondoka nalo. Nani atakupeleka?"

"Basi lipo."

"Menna. Ukipanda basi hilo, ukirudi usinitafute mlangoni."

Menna alimtazama. Miaka arobaini na nne ya ndoa, na mimi juu yao na kitabu kilichofunguliwa mahali pasipo pangu. Nikataka kusema, acha, Menna, nyumba ni mawe tu.

Akamwacha, akageukia mikono ile ambayo bado ilikuwa juu, kana kwamba wenyewe walisahau kuishusha.

"Sikilizeni wote, na Bwana anasikia," akasema. "Jumanne saa tatu asubuhi, benki ikifunguliwa, nitakuwa nimesimama mlangoni. Nitaandika nilichokifanya kwa mkono wangu na nitatia sahihi jina langu. Nitaanza na Idwal Prosser, na sitatoka mle ndani mpaka nimewataja na hawa wote kumi na mmoja."